Kinyozi na Kisogo cha Mwoka Mikate

Wametupokeza waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wao na sisi, habari ya kinyozi mmoja wa zama zile njema aitwaye Safwani bin Asimu, aliyekuwa na duka lake katika mji mmoja wa nchi ya Iraki. Jina la mji msimulizi hakulitaja, nami sitalizua. Yatosha mjue kwamba ulikuwa na soko la nafaka, lango la kaskazini na msikiti wa Ijumaa, na kwamba duka la Safwani lilikuwa hatua arubaini tu kutoka mlango wa msikiti huo.

Alikuwa mtu mwema, msije mkamdhania vingine. Swala ya jamaa haikumpita, hakugusa kichwa cha mtu bila kusema bismillahi, na mayatima aliwanyoa kabla ya wakubwa wenye vilemba. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja wa vinyozi, nao haukuwa wa mkono. Alikuwa msemaji. Mteja akiketi kwenye kigoda, akifungwa kitambaa shingoni na kuloweshwa kichwa kwa maji ya vuguvugu, hapo habari zilianza kwenda na kurudi: kadhi ameoa tena, ngano imechelewa kufika, ngamia wa fulani kazaa pacha. Watu walimpenda kwa hilo. Wengine walimjia na vichwa ambavyo havikuwa na haja yoyote ya wembe.

Na zama zile kinyozi alikuwa nusu ya tabibu. Safwani aliumika watu damu, aling'oa meno, alipasua majipu. Akisema fulani ana nyongo, mji ulisadiki kabla haujamwona mgonjwa. Hili lishikeni, maana ndilo lililoleta balaa.

Miongoni mwa wateja wake alikuwemo mwoka mikate aitwaye Wahbu, mtu mrefu, mpole, mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Huyu alikuja kila Alhamisi baada ya alasiri kupunguzwa nywele na kuchongwa shingo, na kwa hakika alikuwa akimchosha Safwani. Chuma kikigusa tu kichwa chake, Wahbu alifumba macho na kunyamaza. Safwani humuuliza bei ya unga, kimya. Humpa habari ya kadhi, kimya. Kazi ikiisha Wahbu hufumbua macho, husema, "Mwenyezi Mungu akujaze kheri, ndugu yangu Safwani," kisha huenda zake. Ilikuwa hivyo kwa miaka tisa. Safwani alikuwa akimwambia mkewe Khaula, "Kumnyoa yule mtu ni kama kumenya tikiti."

Basi ikaja Alhamisi moja ya kiangazi, joto limekaza, na Wahbu kwa kuunguzwa na tanuri lake akaomba anyolewe kipara. Haikupata kutokea kabla. Safwani akatia wembe, nywele zikaanguka, na kisogoni, mahali ambapo kwa miaka tisa palifunikwa, akaliona doa jeupe, kubwa kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Alipolishangaa, mkono ukamteleza. Wembe ukachanja pembeni mwa doa, damu ikachuruzika mpaka kwenye kitambaa.

Wahbu hakutikisika.

Safwani akaliinamia doa lile. Alikwisha kusikia kwa matabibu kwamba ngozi ikiwa na doa jeupe lisilosikia maumivu, hiyo ni dalili ya ukoma. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimliza zaidi ya yote: akainamisha wembe, na kwa ncha yake akamchoma Wahbu katikati ya doa, safari hii kwa makusudi, aone. Wahbu alibaki ametulia vilevile, macho yamefumbwa, midomo inacheza kidogo tu.

Sasa tusimame hapa kidogo, ndugu zangu. Mtu huyu ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, siku hiyo aliyohitaji maneno mawili tu hakuyapata. Angeuliza, "Ndugu, inauma?" Hakuuliza. Yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba aliogopa jibu, na kwamba kulikuwa na kitu kingine ndani yake, cha aibu zaidi: habari ilikuwa nono, na alichelea jibu lisije likaiharibu.

Wahbu alipokwenda zake, Safwani alikaa na siri yake kwa muda wa kunoa wembe mmoja. Kisha akavuka njia kwa jirani yake Ghalibu, mshona viatu, akamwinamia sikioni.

"Nakwambia wewe peke yako, Ghalibu. Na ni kwa ajili ya usalama wa watu."

Ghalibu naye alimwambia mtu mmoja peke yake, na huyo mmoja peke yake. Mnayajua mambo haya, sina haja ya kuwafundisha. Ijumaa adhuhuri, imamu aliposema nyosheni safu, Wahbu alisimama na kila upande wake pakabaki nafasi ya kuingia mtu. Safwani alikuwa safu ya nyuma yake, akaiona nafasi ile, akatazama chini penye mkeka.

Jumamosi mikate ya Wahbu ilibaki. Jumapili ilibaki zaidi. Wanawake waliokuwa wakimpelekea unga wao auoke walianza kuupeleka mtaa wa pili, wakisema kule ni karibu, na kule hakukuwa karibu. Kwa upande wake Wahbu hakuja tena kunyolewa. Alhamisi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Safwani alishukuru kimoyomoyo, maana hakujua angeushikaje wembe kichwani mwake, na kila mteja aliyeingia alikuwa akiuliza, "Ule wembe wa siku ile uliutupa?" naye hujibu kwamba ameuosha kwa siki na majivu mara saba. Jibu hilo nalo lilikwenda sokoni likazidi kuutia nguvu uvumi.

Alhamisi ya tatu, alipokuwa akila chakula cha mchana, Khaula aliweka mbele yake mkate, yeye mwenyewe akaumega na kuanza kula. Safwani akautambua kwa alama ya vidole vitatu iliyokuwa juu yake.

"Huu mkate wa Wahbu," akasema, mkono umesimama hewani.

"Ni wa Wahbu. Nimekuwa nikiununua siku zote, na wewe umekuwa ukiula siku zote. Leo ndiyo umeutazama."

Safwani akauliza kwa sauti ndogo kama mkewe hajasikia yanayosemwa.

"Nimesikia," akasema Khaula. "Kwa hiyo nikaenda kumuuliza mkewe, kwa kuwa mdomo ninao. Lile doa ni la moto. Wahbu alipokuwa akijifunza kazi, kipande cha kaa kilimwangukia kisogoni akiwa ameinama tanurini. Mkewe amelijua tangu siku ya arusi. Nikamuuliza tena, mbona mumeo haendi kunyolewa, nywele zimeanza kuota ovyo? Unajua alinijibu nini, mume wangu?"

Safwani hakutaka kujua, lakini aliitikia kwa kichwa.

"Amesema Wahbu anawaambia hivi: watu wakiniona kwenye kigoda cha Safwani wataogopa wembe wake, naye ana watoto wa kulisha. Niacheni na nywele zangu mpaka Mwenyezi Mungu alete faraja."

Safwani hakula tena. Alinyanyuka bila kunawa, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mwoka mikate.

Alimkuta Wahbu akikanda unga. Tanuri lilikuwa linawaka moto mdogo, na ukutani pameegemezwa gunia moja tu, nalo nusu. Safwani alisimama mlangoni asijue pa kuanzia, yeye ambaye hakupata kukosa neno tangu azaliwe.

"Karibu, ndugu yangu Safwani," akasema Wahbu. "Mbona umesimama juani?"

"Ni mimi," akasema Safwani. "Yale maneno yalitoka kwangu."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Siku ile nyuma ya kichwa changu palikuwa na wewe na Mola wangu," akasema Wahbu, mikono ingali kwenye unga. "Na Mola wangu hawasengenyi waja Wake."

Safwani akaketi pale pale chini. Akaeleza yote, hata ile mara ya pili ya makusudi, na machozi yakimtoka. Kisha akauliza lile alilopaswa kuliuliza wiki tatu nyuma.

"Je, hukusikia maumivu?"

"Nilisikia. Mara mbili. Ile ya pili ilinichoma zaidi." Wahbu akatabasamu kidogo. "Kazi yangu ni ya kelele tangu alfajiri, Safwani. Watu, moto, punda wa unga. Kichwa changu hakipati utulivu ila kikiwa mikononi mwako. Basi nikajiwekea ada, tangu chuma kiguse mpaka kiinuliwe, niwe katika istighfari. Siku ile nilikuwa kwenye sabini na kitu. Nikaona haya kukatiza mazungumzo na Mola wangu kwa sababu ya tone la damu. Labda ilinipasa nikatize. Mimi nami sina elimu kubwa."

"Na miaka tisa mimi nikikupigia porojo za kadhi."

"Nilikuwa nikizisikia. Nyingine zilinichekesha, nikapoteza hesabu."

Safwani akaomba radhi. Wahbu akasema amekwisha kumsamehe tangu Alhamisi ya kwanza, lakini yeye anasamehe haki yake tu, na watu waliodanganywa wana haki yao. "Gunia lile likiisha, tanuri hili linazimika," akasema. "Sikuambii kukulaumu. Nakuambia ujue muda uliobaki. Ni mpaka Jumamosi."

"Kesho ni Ijumaa. Nitawaambia watu wote kwamba si kweli."

"Waambie." Wahbu akaufunika unga kwa kitambaa, akamgeukia. "Lakini niambie na mimi jambo moja. Kama ingekuwa kweli, nani angeniletea mkate?"

Hapo Wahbu akamsimulia kwamba nyuma ya lango la kaskazini, karibu na majoko ya kuchomea matofali, pana vibanda kumi na vitatu vya watu waliotolewa mjini kwa maradhi hayo. Yeye amezaliwa katika mji ule na hakupata kupakanyaga. Mikate ilipoanza kubaki alijiuliza, nani atakula mkate wa mtu anayedhaniwa ana ukoma? Akajijibu, wenye ukoma. Akabeba kapu.

"Wallahi, Safwani, kuna bibi mmoja kule alikuwa hajashika mkate wa moto kwa miaka sita. Hakuula kwanza. Aliunusa. Nilirudi nyumbani nikasujudu sijda ya shukurani, maana njia ile nisingeijua kama watu wasingenisukuma. Nimeshukuru kila siku tangu siku hiyo. Nashukuru hata kwa ulimi wako, ingawa siusifu."

Ijumaa asubuhi duka la kinyozi halina pa kuweka mguu. Wanaume wa mtaa walikuwa wamejaa, wengine kwenye kigoda, wengine kwenye mikeka, wengine wameegemea mlango, na Ghalibu mshona viatu yuko mbele yao wote. Safwani alikuwa anajua kwamba jina lake, lile lililomjengea duka, lilikuwa linakwenda kuvunjika kwa mkono wake. Akasema bismillahi akaanza. Aliwaambia alichokiona, alichokidhania, alichokifanya kwa ncha ya wembe, na alichomnong'oneza jirani. Hakujitetea.

Ghalibu akacheka. "Amekupa mikate mingapi useme hayo?"

Wengine wakacheka pia, na mmoja akasema kwamba kinyozi ni mpole tu, anamwonea huruma mtu wa watu. Safwani akaona jambo ambalo hakulitazamia: neno lake la uwongo lililosemwa mara moja kwa kunong'ona lilisadikiwa na mji mzima, na neno lake la kweli linalosemwa mchana mbele ya watu halikupata hata mtu mmoja wa kulisadiki. Alisikia maumivu makali, na kwa kuwa maneno yalikuwa yamekataa kazi, akayaacha.

Akatuma mtu amwite Wahbu. Wahbu akaja na nywele zake za wiki tatu, watu wakampisha njia pana kuliko ya amiri. Safwani akamketisha kwenye kigoda, akamfunga kitambaa, akamlowesha, akamnyoa kipara mbele yao bila kusema neno. Kisha akaunyanyua ule wembe, wenye povu na vinyweleo vya Wahbu, hakuupangusa wala hakuuosha. Akaketi yeye kwenye kigoda na kumpa Wahbu wembe.

"Ninyoe, ndugu yangu."

"Mimi ni mtu wa unga," akasema Wahbu.

"Ninyoe hivyo hivyo."

Hakuna aliyecheka sasa. Wahbu aliushika wembe kama mtu anayeshika nge, akaanza. Safwani akafumba macho, na kwa kuwa hakuwa na la kusema, akasema astaghfirullah. Akaisema tena. Pale kisogoni Wahbu akamkata. Akaomba radhi, akamkata tena. Safwani alisikia kila mkato, na hakutikisika. Alikuwa mbali kidogo na pale, mahali patulivu ambapo hakupata kufika katika maisha yake yote ya kusema. Ndipo alipoelewa alichokuwa akikifanya mwenziwe kwa miaka tisa, na machozi yakamshuka kwa furaha.

Ghalibu alikuwa akiitazama damu ya mikato miwili ile. Alikuwa mtu wa kelele, lakini hakuwa mtu mbaya. Akavua kilemba chake, akamsukuma Safwani kidogo atoke kwenye kigoda, akasema, "Toka nami ninyolewe. Lakini wewe Wahbu usiniguse. Nenda ukanitolee mikate minne, ya moto."

Adhuhuri ile safu zilikaa bega kwa bega. Jumamosi tanuri halikuzimika, na Jumatatu palikuwa na magunia matatu ukutani. Wako waliomhama Safwani, wakisema vichwa vyao hawamkabidhi tena mtu wa ulimi ule. Naye hakuwalaumu. Alisema ni haki yao, na kwamba Mwenyezi Mungu amemfadhili kwa kumfichulia aibu yake hapa duniani, angali ana muda wa kuitengeneza.

Kisha siku moja akaufungasha wembe mwingine, mpya, na beseni dogo, akamfuata Wahbu na kapu lake nje ya lango la kaskazini. Wahbu alikuwa hakumwomba.

Wa kwanza kuketi mbele yake alikuwa mzee aitwaye Hayyani, aliyekaa kule miaka kumi na moja, nywele zimeshikamana, vidole vimekwisha. Safwani aliogopa, wala hakuficha baadaye kwamba aliogopa. Akasema bismillahi. Akakishika kile kichwa kwa mkono wa kushoto, kama vinyozi wanavyokishika ili kisicheze, na kwa wa kulia akatia wembe. Hakufika mbali, mzee akaanza kulia.

Safwani akainua wembe haraka. "Nimekukata, mzee wangu? Inauma?"

"Wembe siusikii, mwanangu, hata ukinichanja," akasema Hayyani. "Nausikia mkono wako wa kushoto. Basi nyoa polepole."

Safwani akanyoa polepole. Alinyoa kichwa kimoja mpaka jua likapanda, midomo ikicheza kidogo tu, na alipomaliza mzee alijipapasa kichwani kwa viganja vyake, akasema alhamdulillahi, na Wahbu akampa mkate.

Wanasema hakuacha kwenda kule kila wiki mpaka alipofariki. Nami kila nikilikumbuka swali lile, inauma, najiuliza ni wangapi tumewasema kabla ya kuwauliza, na ni wangapi Mola wetu ametusitiria wasituseme. Basi tumshukuru kwa sitara Yake, tumshukuru kwa mkate na kwa mikono iliyoukanda, na Atujaalie tuwe wepesi wa kuuliza na wazito wa kunong'ona. Amin.